TAHADHARI: Anayejiita "mtumishi" na kuuza pikapu za gitaa Moshi na Arusha ni TAPELI

Wapiga gitaa wa Chuga na Moshi, someni hii kabla hamjamtumia mtu hata mia. Nimepigwa. Laki mbili na elfu arobaini, hela ya harusi ya Tengeru yote, imekwenda. Na aliyepigwa ni mimi, yule anayewachosha kila mazoezi na habari za koili na sumaku. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Mnajua gitaa langu jeusi lilivyozimika kule Usa River mbele ya yule mzee wa kanisa, sirudii. Pikapu ya kwenye briji, kule nyuma nyuzi zinakoshikiliwa, ilikufa kabisa. (Pikapu ya gitaa, kile kidude cha sumaku na koili kinachonasa sauti ya nyuzi, si Hailaksi. Mama watoto aliposikia natafuta pikapu alifurahi dakika mbili nzima.)

Nilitaka pikapu moja ifanye kazi zote. Jumapili napiga sebene, linataka sauti kavu inayong'aa. Ijumaa kuna ile kazi ya Njiro, watalii wanataka bluzi na roki. Harusi zinataka chochote anachotaka shemeji wa bwana harusi. Pikapu ya koili moja inang'aa vizuri, lakini pale kanisani kwetu, na zile taa za tyubu na jenereta, inavuma kuliko besi. Hambaka ina koili mbili zilizofungwa kwa kupingana, kwa hiyo mvumo unajiua wenyewe, ndiyo kazi aliyoibunia Seth Lover pale Gibson miaka ya 1950. Nikaona nitafute hambaka yenye nyaya nne, ili nikivuta swichi koili moja ilale nibaki na nyingine. Na kwa sababu ni ya briji isiwe dhaifu, maana pale nyuzi zinacheza kidogo na sauti inatoka nyembamba.

Baada ya wiki tatu za kusoma usiku nikaangukia JB, hambaka ya kampuni ya Seymour Duncan. Sumaku ni alniko 5, ukinzani (jinsi waya unavyozuia umeme) kama kilo-omu 16 na ushee, maana yake ukiigawa kila koili inabaki na kama 8, haikuachi njiani. Wapo wanaosema inachoma masikio kwenye nyuzi nyembamba. Ni kweli kwa baadhi ya magitaa, lakini ukiweka kitufe cha voliyumu cha kilo-omu 250 badala ya 500 inatulia. Haya yote nilikuwa nayo kichwani. Kumbe kujua kitabu si kujua watu.

Maduka niliyopita hapa mjini yana nyuzi, kapo na magitaa ya boksi. Pikapu kama hiyo uagize nje, usubiri, ulipie ushuru. Ndipo nikaona tangazo lake: JB orijino, mpya, haijawahi kufungwa, aliachiwa na mzungu aliyekuja kupanda Kilimanjaro. Nikampigia. Neno la kwanza: "Bwana asifiwe mtumishi." Akaniuliza napiga kanisa gani, akaniambia yeye ni solo wa kwaya moja Moshi, akataja mpaka tatizo la mvumo wa taa za tyubu kabla sijalitaja mimi. Mtu anayejua shida yako kabla hujaisema, utamkatalia nini?

Tukakutana Jumamosi saa nne asubuhi, kibanda cha chipsi karibu na stendi ndogo. Kaja na kosta ya Moshi, shati jeupe limepigwa pasi, gitaa mgongoni, ampu ndogo ya betri mkononi. Nikamwagizia chipsi mayai, akakataa. Kafunga. "Wiki hii niko kwenye maombi, mtumishi." Nikajiona mimi ndiye mwenye dhambi pale mezani.

Akachomeka gitaa lake. "Humu nimefunga pacha wa hiyo yako, sikiliza." Jamani. Akapiga sebene pale pale, wapiga debe wakageuka, dogo wa bodaboda akazima pikipiki. Halafu akavuta kitufe, koili ikagawanyika, sauti ikawa nyembamba na safi kama glasi. Akakirudisha, akakanyaga kipedali, likatoka roki nene. Ndiyo sauti niliyokuwa naiota. Sasa hivi nikikaa nafikiri, naona ujinga wangu wote uko hapo: nilisikiliza gitaa moja nikanunua boksi jingine. Ni sawa na kuonja pilau ya jirani halafu ulipie sufuria lililofunikwa.

Lakini sikuwa mjinga kiasi hicho, nilidhani. Nikasema, kaka, naomba tuipime. Hakushtuka hata kidogo. Akatoa mita yake ya njano begani, akaiweka kwenye 20K, akafungua boksi taratibu. Pikapu nyeusi, jina limechapwa vizuri. Waya mweupe na mwekundu ameshazisokota pamoja na kuziziba kwa lehemu, "nimekurahisishia kazi." Akagusa mweusi, akagusa kijani. 16.4.

16.4! Namba niliyoisoma wiki tatu. Nikamwambia naomba nipime mwenyewe. Akanipa mita. Nikashika zile zile nyaya mbili, kwa mkono wangu mwenyewe, nikapata 16.4 ile ile, nikaipiga picha, nikamtumia mpiga besi wetu na kuandika "IMETIKI." Hiyo picha anayo hadi leo na anaitumia vibaya.

Alianzia laki tatu, tukashuka mpaka mbili na arobaini, "kwa ajili ya kazi ya Bwana." Wakati wa kutuma hela likatokea jina la mwanamke. Mke wake, anasema, laini yake yeye imefungiwa. Nikabonyeza namba ya siri. Akaomba, ameshika boksi, nami nimeinamisha kichwa, chipsi zinapoa. Akakimbilia kosta.

Usiku nikaifunga, Jumapili nikaingia nayo ibadani. Kwenye pambio la kwanza sauti iko chini, mwalimu wa kwaya ananiangalia. Nikaongeza voliyumu. Ilikuwa sauti ya kawaida kabisa, kama ya gitaa la kujifunzia. Likafika sebene, nikavuta swichi ya kugawa koili. Hakuna kilichobadilika. Nikairudisha, nikavuta tena, kama mtu anayevuta droo ya kabati tupu. Mara ya tatu mpiga kinanda akaanza kucheka.

Jumatatu nikaenda kwa fundi wangu wa redio Ngarenaro, yule babu wa miwani ya kamba. Hajui JB wala nini, lakini waya anaujua. Akazitenganisha nyaya nilizokuta zimesokotwa, akapima nyeusi na nyeupe: mita kimya. Nyekundu na kijani: kimya. Nyeusi na kijani: 16.4. Akaniangalia juu ya miwani. "Mjukuu wangu, hizi mbili za kati haziendi popote."

Akakata utepe mweusi uliozungushwa koili, polepole, kwa wembe. Chini yake, umelala kama kupe, mrija mdogo wa rezista, kidude cha kuongeza ukinzani. Akausogeza kwenye taa ili nione rangi: kijivu, nyekundu, nyekundu. Omu 8,200. Koili zote mbili zikiunganishwa zina kilo 8.2, rezista nayo 8.2. Jumlisha. Waya mweupe na mwekundu wamekatwa ndani, wamegandishwa kwa gundi tu ili waonekane. Rezista haiongezi sauti hata chembe, inaongeza namba tu, kwa ajili ya mafala wenye mita kama mimi.

Sumaku nayo ilikuwa ile nyeusi ya kauri, si alniko, ambayo ni chuma cha kijivu. Hapo nisieleweke vibaya, kauri si matusi. Super Distortion, pikapu ya DiMarzio ya tangu 1972, ni kauri na imepiga kazi dunia nzima. Ila mimi sikuuziwa kauri, niliuziwa alniko.

Kinachoniuma kuliko hela ni akili iliyotumika. Mtu alikaa chini, akapiga hesabu, akachagua rezista itakayofikisha 16.4 kamili, akailehemu, akazungusha utepe. Hiyo akili angefungua kibanda cha ufundi tungempelekea kazi mji mzima.

Nikampigia. Akapokea mara moja tu: "Mtumishi, hiyo utakuwa umeiunguza na lehemu." Lehemu inazaa rezista? Nikamuuliza hivyo hivyo, akakata. Tangu hapo hapatikani, na kwenye Watsapu picha yake imegeuka ule mduara wa kijivu.

Polisi nimefika, RB ninayo. Afande kwanza aliniuliza pikapu ina namba gani za usajili. Nilipomweleza akaita na mwenzake aje asikilize. Namba ya simu nimeituma pia TCRA kwenye 15040, na nyie mliotapeliwa tumeni, labda itafungwa. Siiweki hapa kwa sababu laini inaweza kuwa ya mama wa watu asiyejua kitu, ila anayetaka kuhakikisha kama ni huyo huyo aninong'oneze.

Sasa dalili, kwa wanaoniuliza ulikuwa huoni. Nilikuwa naona, nilikuwa sitaki kuona. Jina la kwenye muamala si lake. Nyaya za kati ameshazifunga yeye. Pikapu mpya ya nyaya nne haihitaji kurahisishiwa, na ukipewa, zifungue upime kila koili peke yake: kwa aina hii mweusi na mweupe, kisha mwekundu na kijani, kila jozi iwe karibu nusu ya jumla. Nilimwambia twende kwa babu Ngarenaro, dakika kumi na boda, akasema kosta inamwacha. Kosta za Moshi zinaondoka siku nzima, jamani! Na alisema amefunga, lakini nilipoinama kutafuta hela ya soda alichomoa chipsi mbili kwenye sahani yangu. Nilimwona. Nikajisemea moyoni, labda amesahau.

Kuna na ile ya kugonga kwa bisibisi. Ukichomeka kwenye ampu, gonga taratibu vichwa vya kila koili, kisha vuta swichi ugonge tena, upande mmoja lazima unyamaze. Kwangu zote mbili zingeendelea kulia. Ila kwa pikapu iliyo kwenye boksi utaichomeka wapi? Basi akufungie mbele yako kwenye gitaa, hata kwa kusokota nyaya, ndipo hela itoke. Akikataa mwache aende na kosta yake.

Na ukinzani peke yake si nguvu. Waya mwembamba zaidi unapandisha namba bila kukupa sauti kwa kiwango hicho hicho. Hilo nalo nilikuwa nalijua. Nililijua vizuri sana.

Kuhusu adhabu. Wengine mmeshaanza kusema tumvizie stendi tumtie adabu. Hapana, vibaka wanachomwa moto mji huu kwa simu ya elfu thelathini, sitaki damu ya mtu juu ya hambaka. Lakini apelekwe gereza la Kisongo. Apelekwe gereza la Karanga kama ni mtu wa Moshi, karibu na nyumbani. Afungiwe chumba kimoja na kinanda kimoja kile cha kufundishia, kimekwama kwenye demo ya chacha, mchana na usiku, voliyumu imevunjika. Kila Jumapili aletwe kanisani asimame mbele apige sebene na pikapu aliyoniuzia, waumini wamwangalie kama walivyoniangalia mimi. Alipe laki mbili na arobaini, alipe na chipsi. Na hilo jina la "mtumishi" alirudishe kwa wenyewe.

Gitaa sasa napigia pikapu ya shingoni peke yake, sauti inatoka nzito kama imefunikwa blanketi, nivumilieni mpaka Desemba. Kile kirezista ninacho ndani ya boksi la kiberiti. Jumamosi nakuja nacho mazoezini, anayetaka kukiona akione. Mpiga besi asilete picha.