Bunduki Mbili za Kuanzia: Tathmini ya .375 H&H na .30-06 kwa Mwindaji wa Tanzania

Anayetaka kumiliki bunduki chache zitakazomfaa kwa kila mnyama anayeruhusiwa kuwindwa Tanzania, kuanzia swala pala hadi nyati, aanze na sheria kabla ya kusikiliza mapendekezo ya marafiki. Kanuni za uwindaji hazimruhusu mtu kumpiga nyati, simba au tembo kwa kaliba (upana wa tundu la mtutu, kwa sehemu za inchi) iliyo chini ya .375, na kwa kuwa nyati ndiye anayewavuta wawindaji wengi kwenye vitalu vyetu, swali la bunduki ya kwanza linakuwa limejibiwa kwa sehemu kubwa. Kwa maoni yangu ni .375 H&H, na ya pili ni .30-06.

Kampuni ya Holland & Holland ya London ilitoa .375 H&H mwaka 1912, na ukiishika risasi yake mkononi unaona mara moja kwamba ilibuniwa kwa ajili ya nchi za joto. Ganda lake ni refu, linapungua unene taratibu kuelekea mdomoni, na lina mkanda mwembamba karibu na kitako. Baruti ya kodaiti iliyotumika wakati ule ilizidisha shinikizo kwenye jua kali, hivyo ganda lenye umbo hilo lilichomoka kwenye chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu ambamo risasi hukaa, kwa urahisi badala ya kunasa. Baruti za leo ni tulivu zaidi, lakini faida ya umbo hilo imebaki: ukisukuma bolti (komeo la bunduki) risasi inateleza yenyewe kuingia, na ukiivuta ganda tupu linatoka bila kung'ang'ania. Mtu aliyesimama kwenye nyasi ndefu huku nyati aliyejeruhiwa akiwa hatua chache mbele yake anahitaji jambo hilo kuliko anavyohitaji kasi.

Kichwa cha risasi cha greni 300, yaani takriban gramu 19.4, hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde, na mteremko wake hewani unakaribiana sana na ule wa .30-06 yenye kichwa cha greni 180. Kwa hiyo aliyezoea .30-06 halazimiki kujifunza upya shabaha ya mita 200. Kichwa laini cha greni 270, kinachotanuka kikimpiga mnyama, kinamfaa pofu na tandala, kichwa kigumu kisichotanuka kinapenya fuvu la tembo, na hata swala pala haharibiki nyama kupita kiasi, kwa sababu kichwa kizito kinachokwenda kwa kasi ya wastani hakipasuki ovyo. Kasoro zake ni za kweli: teke lake ni karibu mara mbili ya lile la .30-06, bunduki yenyewe ni nzito kuibeba mchana kutwa, na risasi zake ni ghali.

Hapo ndipo .30-06 inapostahili nafasi yake. Jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1906, na tangu hapo hakuna mnyama asiye hatari katika Afrika Mashariki ambaye haimtoshi, hata pofu dume anayeweza kukaribia kilo 900, mradi kichwa cha risasi kiwe imara na kipige bega. Mwenye .308, iliyotoka mwaka 1952 na yenye ganda fupi zaidi, asihangaike kuibadilisha, kwani tofauti porini ni ndogo mno.

Wapo wanaomtaja W.D.M. Bell, mwindaji wa zamani aliyeua tembo wengi Karamoja (Uganda) na kwingineko kwa kaliba ndogo ya 7x57, yaani ya milimita 7, ili kuonyesha kwamba .375 haina ulazima. Bell alilijua fuvu la tembo kwa namna ambayo wachache sana wanalijua, na aliwinda enzi ambazo kanuni za leo hazikuwepo.

Kaliba kubwa zaidi, kama .416 Rigby ya mwaka 1911 na .458 Winchester Magnum ya mwaka 1956, ningemwachia mwindaji bingwa anayewaongoza wengine, ambaye kazi yake ni kumzuia mnyama anayeshambulia kichakani. Isitoshe, .458 ilisumbua miaka yake ya mwanzo, kwa sababu baruti iliyoshindiliwa kwenye ganda fupi iliweza kugandamana na kupunguza kasi. Tatizo hilo limerekebishwa, ila teke lake bado linawafanya wengi wafumbe macho wanapofyatua.

Fedha inayobaki baada ya bunduki hizo mbili iende kwenye .22 ya mazoezi na darubini nzuri ya ukuzaji mdogo, inayoweza kufunguliwa haraka kutoka juu ya .375. Ifungwe mbali na jicho, kwa sababu ikisogezwa karibu mno teke la .375 huirudisha hadi ikapasua nyusi. Na mazoezi ya .375 yafanywe kwa kusimama, mtutu ukiwa juu ya fimbo tatu zilizofungwa pamoja kuwa egemeo, jinsi utakavyopiga kitaluni.