Kopo la povu na maji ya sato: nilivyoisafisha Toyota IST yangu nyumbani

Mama mkwe akikupa samaki, hukatai. Mwezi wa nne nilikuwa Sengerema, nikapewa ndoo ya sato wabichi waliofunikwa barafu, nikaiweka chini nyuma ya siti ya abiria wa mbele, nikaanza kurudi Mwanza. Enzi za kivuko ningesema barafu iliyeyukia kwenye foleni pale Busisi. Sasa kuna Daraja la JP Magufuli, kilomita 3 za juu ya maji unazimaliza kabla wimbo mmoja wa redio haujaisha, kwa hiyo sina wa kumsingizia. Ni tuta moja karibu na Usagara, nililipanda kama ninayekimbia deni. Mfuniko ukafyatuka. Nimefika Nyegezi, samaki wote wamo, maji nusu hayamo.

Nikafuta kwa tambara, nikasahau. Siku ya tatu gari limeshinda juani, nafungua mlango, nikarudi nyuma hatua mbili. Jirani ninayempa lifti kila asubuhi hadi Bugando alivumilia siku mbili, halafu akasema daktari amemshauri atembee. Kutoka Nyegezi!

Nilianzia sehemu moja ya kuoshea magari, jina naliacha. Shilingi 20,000 "kuosha ndani kabisa". Walimwaga maji na sabuni kama wanaosha jiko, wakapulizia marashi, wakanirudishia gari linalonuka sato wa vanila. Kibaya zaidi, kapeti lilibaki limelowa, na baada ya siku mbili uvundo wa maji yaliyotuama ukaungana na ule wa samaki.

Ndipo nikanunua kopo la povu mjini, shilingi 15,000, lile lenye brashi juu ya kifuniko. Kwa siti, niseme ukweli, sikutegemea lingefanya kazi vile. Unafyonza vumbi kwanza, maana ukipulizia povu juu ya mchanga unatengeneza tope. Unatikisa kopo, unapulizia eneo dogo, unasubiri dakika moja au mbili, unasugua kwa mkono mwepesi, kisha unafuta kwa kitambaa cha maikrofaiba chenye unyevu kabla povu halijakauka. Kitambaa cha kwanza kilitoka cheusi kama cha fundi gereji. Siti nilizodhani ni za kijivu iliyokoza kumbe ni kijivu cha kawaida. Doa la ubuyu la binti yangu lilififia ila halikufutika, na nadhani hilo tutazeeka nalo. Mikanda, milango na usukani vilitakata. Kopo moja lilitosha siti zote na milango, likaishia hapo.

Angalizo la dari: usilipulizie moja kwa moja. Kile kitambaa kimegandishwa kwa gundi, kikilowa sana kinaachia na kuning'inia kama chandarua. Weka povu kwenye kitambaa cha kufutia, ndipo ufute.

Lakini harufu? Iko pale pale. Nikanyunyiza bekingi soda nusu kilo, nikalala, asubuhi nikawa na sakafu nyeupe inayonuka samaki. (Na tafadhali, magadi ya sokoni si bekingi soda, ni makali zaidi, usijaribu kwenye siti.) Baadaye ndiyo akili ikanijia. Kinachonuka kwenye samaki aliyeharibika ni kemikali zenye asili ya alikali, yaani kinyume cha uchachu, na bekingi soda nayo ni alikali. Huwezi kumtuma ndugu amkamate ndugu yake. Kinachozituliza ni uchachu, ndiyo maana sato wa kukaanga haji mezani bila ndimu. Wapishi wetu walilijua hili kabla yangu.

Tena uchachu wenyewe lazima ufike uchafu ulipo, na uchafu haukuwa juu ya kapeti. Siti ya mbele ya IST imeshikwa na bolti 4, spana namba 14. Kabla ya kuzigusa nilizima gari, nikachomoa waya hasi wa betri na kusubiri zaidi ya sekunde 90, kwa sababu chini ya siti kunaweza kuwa na plagi za njano za eabegi, ile mifuko ya hewa ya ajali, na hizo si za kuchezea. Nikabandua plastiki za mlangoni, nikainua kapeti. Chini yake kuna sponji nene, imenywa maji meusi, na magamba mawili yamekaa humo yametulia. Hakuna kopo duniani ambalo lingefika pale.

Sponji niliiosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya unga yenye vimeng'enya, vile vinavyovunjavunja uchafu, nikaiacha nusu saa. Maji ya moto hapana, yanaigandisha protini kama yai na kuviua vimeng'enya. Nikasuuza, nikamwagia siki nyeupe iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, nikakamua, nikasuuza tena. Kukausha kulichukua siku mbili: mchana milango wazi kuelekea ziwani, upepo wa ziwa upite katikati ya gari, jioni nafunga, la sivyo wale wadudu wa ziwani wanaokuja kama moshi wangehamia ndani. Siki ilinuka siku moja, ikapotea. Filta ya AC iliyo nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria nayo nikaibadilisha, ilikuwa na vumbi na mabawa ya hao hao wadudu.

Upande wa kukinga sina mengi. Dawa ya dashibodi ya kung'arisha yenye silikoni nilishaitumia zamani, sirudii. Saa tisa alasiri dashibodi inajiakisi kwenye kioo cha mbele mpaka huoni bodaboda, na vumbi linanata kwenye yale mafuta. Wale waoshaji waliipaka hadi kwenye pedeli, nusura mguu uteleze breki. Safari hii nimechukua ya maji, isiyong'aa, yenye kinga ya jua, na pazia la kioo la shilingi 8,000. Hapa tuko karibu sana na ikweta, na nikiegesha juani naamini hilo pazia linafanya kazi kubwa kuliko chupa yoyote. Chini nimeweka kapeti za raba zenye ukingo mrefu.

Kopo nalipatia nyota 3 kati ya 5. Kwa siti na plastiki ningelipatia 4, lakini kwenye lebo wameandika linaondoa harufu zote, na hapo wamenidanganya. Siki ya dukani, shilingi 3,000, nyota 5.

Jirani amerudi garini, habari za daktari hazitajwi. Mama mkwe naye alipiga simu juzi, ana sangara. Nimenunua ndoo yenye mfuniko wa kuzungusha.