Datsun 240Z na Land Rover 109: Siku Moja Kutoka Capri Point Hadi Busisi

Mwaka 1971 Land Rover za Series III zilianza kuuzwa, na mwaka huohuo Datsun 240Z, ikiendeshwa na Edgar Herrmann, ikashinda mbio za Safari za Afrika Mashariki, kisha ikarudia mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta. Nayataja haya mapema kwa sababu Jumamosi ile, tulipotoka Capri Point jijini Mwanza kuelekea Busisi, ng'ambo ya ghuba ya Ziwa Victoria, kila tuliposimama watu waliitazama Datsun ya binamu yangu kama pambo, na sifa zote wakaipa Land Rover ya baba mkwe, ile 109 (namba hiyo ni inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma).

Kwenye lami ya kutoka Buhongwa kwenda Usagara hapakuwa na ubishi. Injini ya Datsun ina silinda sita, kabureta mbili na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393; ukikanyaga mafuta ukiwa gia ya tatu, mngurumo unatangulia, kisha mgongo unabanwa kwenye kiti. Unakaa chini kiasi kwamba daladala ikikupita unatazamana na nati za magurudumu yake. Land Rover, yenye silinda nne, ilipofika kilomita 80 kwa saa ilitulazimisha kunyamaza, maana hapakuwa na aliyemsikia mwenzake. Hata hivyo, ina vifuniko viwili chini ya kioo cha mbele ambavyo ukivifungua vinaingiza upepo wa ziwa moja kwa moja usoni, pamoja na vumbi na, karibu na mwalo, harufu ya dagaa.

Tulipoacha lami kabla ya daraja la Busisi na kuifuata njia ya mawe inayoteremka ziwani, baba mkwe alibonyeza kitufe cha njano ili magurudumu yote manne yavute, akavuta wenzo mwekundu wa gia nzito, na gari likatambaa juu ya majabali bila haraka. Datsun ilikwenda hatua chache tu kabla bomba la moshi halijagonga jiwe. Binamu akashuka, akachungulia uvunguni, akarudi nyuma bila kusema neno. Gari la mashindano huandaliwa kwa kazi hiyo. Hili lake halikuandaliwa.

Linalonisumbua zaidi ni kutu. Ziwa letu ni la maji baridi, kwa hiyo chumvi si hoja, lakini bati la Datsun ni jembamba na maji ya mvua hujificha chini ya zulia na kwenye kibao cha betri. Bodi ya Land Rover kwa sehemu kubwa ni ya aluminiamu, ingawa chesi yake ni ya chuma na inahitaji kukaguliwa vilevile.

Mwenye uwezo wa kumiliki gari moja tu achukue Land Rover. Mimi, ambaye tayari nina pikapu ya kazi, ningechukua Datsun, ila kabla ya kutaja bei ningeinua zulia na kugonga sakafu kwa mpini wa bisibisi.