Matone ya kuondoa klorini kwa maji ya kuku: yafanya kazi, lakini mimi sinunui tena

Assalaam aleikum watazamaji, hamjambo. Nipo uani kwangu, Muyeye, hapa Malindi. Kelele mnazozisikia nyuma ni za kuku wangu kumi na wawili. Wana kiu, watangoja kidogo.

Leo nachambua kichupa hiki: matone ya kuondolea klorini kwenye maji ya samaki wa mapambo. Mamangu aliponiona nacho akauliza, "Mwanangu, kuku wako siku hizi wanywa dawa ya samaki?" Sina budi nijieleze.

Miezi miwili nilikuwa nanunua probiotiki ya unga (bakteria wazuri wa tumbo) kwa agroveti, naikoroga moja kwa moja kwa maji ya mfereji. Kinyesi majimaji vilevile. Ndipo nikashtuka: klorini hutiwa iue bakteria, na probiotiki yenyewe ni bakteria. Nilikuwa nawanunua halafu nawaua kwa ndoo yangu mwenyewe!

Hasa siku maji yakirudi baada ya mgao. Ukifungua mfereji, harufu utadhani uko hotelini kando ya bwawa. Na kipimo nimekipata huko huko: jirani yangu hutunza mabwawa ya kuogelea, akaniazima matone yake ya kupimia. Sogeza kamera. Glasi ya kwanza, maji ya mfereji ya asubuhi hii. Natia matone... mwaona? Manjano, kama samli iliyoyeyuka: klorini imo. Ya pili ni maji hayo hayo, ila nimetia dawa ya samaki dakika mbili zilizopita. Hayana rangi kabisa. (Maji haya ya kupimia hawapewi kuku, mwaga mbali.)

Basi kichupa hakidanganyi. Ndani mna thiosulfeti ya sodiamu, nayo huimaliza klorini papo hapo. Shida yangu ni mbili. Vichupa vingine huongezwa vitu vya kulinda ngozi ya samaki, na lebo yasema samaki wa mapambo, si mnyama wa kuliwa. Mimi mayai haya nayala, na watoto wanayala.

Sasa glasi ya tatu. Haya ni ya beseni lile, limekaa wazi juani tangu jana adhuhuri. Natia... hakuna rangi. Na sijalipa hata senti! Ila liwe beseni pana. Mtungi wenye mdomo mwembamba, tena umefungwa, klorini itatoka vipi? Usiku funika kwa leso nyepesi, la sivyo wafuga mbu. Na kama maji yenu hutiwa kloramini (klorini iliyochanganywa na amonia, haitoki upesi), hapo beseni halikufai hata likae siku mbili.

Nikiwa na haraka natumia vitamini C ya duka la dawa, ile isiyo na sukari wala rangi. Miligramu 1 ya klorini yataka kama miligramu 2.5 za vitamini C. Kwa hiyo ndoo ya lita 20 yenye miligramu 1 ya klorini kwa kila lita yataka 50 tu. Tembe moja ya 500 ni ndoo kumi! Naisaga, natia chembe, nakoroga, nasubiri dakika chache. Hata kloramini huiweza.

Halafu maji ya probiotiki changanyeni kidogo tu. Kuku mkubwa hunywa kama robo lita kwa siku, na joto letu hili huzidi. Wangu kumi na wawili, natengeneza lita tatu asubuhi. Kiu ikizidi naongeza maji matupu ya beseni. Kesho yake masalio namwaga. Chombo nakisugua kwa brashi, na siku nikikiosha kwa dawa ya madoa nakisuuza mpaka harufu iishe, maana hiyo nayo ni klorini.

Nyinyi wa maji ya kisima ambayo hayatiwi dawa, kichupa hiki pitieni mbali. Wa mfereji, nawapa beseni nambari moja, vitamini C ya pili, dawa ya samaki waachieni samaki.

Haya, nawamiminia. Tazama yule mwekundu, hajangoja hata niondoe mkono.