Intaneti ya antena Lamu: mawimbi safi, waya mbovu

Naipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata ni ya waya.

Nyumba yetu iko Langoni, ya mawe, kuta nene, kwa hiyo antena imefungwa juu ya paa na waya wa mtandao unashuka hadi kwenye rauta ukumbini. Mwanzo nilipata kasi niliyolipia. Kusi ilipoanza kuvuma, mambo yakageuka: video za masomo ya watoto zinaganda, faili linajikokota, na taa za rauta zote kijani! Nikipiga simu, jibu ni "zima uwashe".

Rauta yenyewe ina ukurasa wa ndani unaohesabu makosa ya CRC, yaani data iliyofika ikiwa imeharibika, kwa kila tundu. Tundu la antena lilikuwa na maelfu, na hesabu ikipanda huku naitazama. Matundu mengine, sifuri.

Hesabu hiyo haibahatishi. Kila fremu (kifurushi cha data) ya Etheneti, mfumo wa mtandao wa waya, hubeba mkiani biti 32 za ukaguzi, biti ikiwa ni 0 au 1. Mtumaji huichukulia data yote kama namba moja ndefu, akaigawa kwa kigawanyo ambacho pande zote mbili zinakijua, na baki ndiyo inayowekwa mkiani. Mpokeaji hurudia hesabu. Baki isipolingana, kuna biti zilizogeuka njiani. Njia hii, ndiyo CRC, ya mwanahisabati Mmarekani W. Wesley Peterson, ya mwaka 1961, haikosi kunasa mfululizo wa makosa usiozidi biti 32. Ukaguzi wa kizamani wa shufwa na witiri, unaotazama tu kama idadi ya biti za 1 inagawika kwa mbili, hudanganyika biti mbili tu zikigeuka pamoja.

Ila Etheneti ikishagundua kosa huitupa fremu kimya kimya, basi. TCP, kanuni ya kuhakikisha data inafika, iliyo ngazi ya juu yake, ndiyo hungoja taarifa ya kupokelewa, ikaikosa, ikatuma upya. Tena hudhani njia ina msongamano, hivyo hupunguza mwendo. Ndiyo maana mtandao wangu haukukatika, ulitambaa tu.

Niliwatumia picha ya ukurasa ule kwa WhatsApp, na safari hii hakuna aliyeniambia nizime. Fundi alipanda, akafungua kichwa cha waya: shaba imeota ukijani kwa chumvi, na waya wenyewe ni wa kutumika ndani, ganda limepasuka kwa jua. Akaweka wa nje, akaziba maungio yasiingie unyevu. Makosa yakakoma.

Ningewachagua tena, ila ningeuliza aina ya waya kabla fundi hajapanda ngazi. Huo mpya wamenidai mimi niulipie, na hapo bado tunavutana.