Mchezo au kikoba?

Watu kumi, kila mmoja elfu hamsini kwa mwezi: laki tano inakwenda kwa mmoja, mwezi ujao kwa mwingine. Huo ndio mchezo. Hauna riba wala fomu, kijumbe, yaani mkusanyaji wa michango, anapita na daftari lake tu. Anayepokea wa kwanza amekopeshwa bure. Wa mwisho amewawekea wenzake akiba bila faida, na ndiye anayelia mtu akihama mtaa baada ya kupokea. Ukipewa namba ya mwisho, omba kubadilishana mapema.

Kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, kina mambo mengi: hisa (akiba ya kila mwanachama), mfuko wa jamii, faini za kuchelewa (akina mama hawana masihara), sanduku la kufuli tatu ambalo funguo zake hukaa kwa watu watatu. Unakopa, mara nyingi hadi mara tatu ya hisa zako, unarejesha na riba, na riba hiyo mnagawana mzunguko ukiisha. Kwa sheria ya huduma ndogo za fedha ya 2018, vikundi vya Tanzania vinatakiwa pia kusajiliwa.

Kabati au kodi ya nyumba, mimi ni wa mchezo. Mtaji wa biashara, kikoba, mradi usikope kununulia sare ya harusi.