Makabati ya jikoni: kampuni, fundi au mkono wako? Tazama ukingo wa bodi kwanza

Mlango wa chini ya sinki langu ulianza kuvimba miezi kumi na minne baada ya kulipa. Mwanzo niliona rangi imepasuka pembeni kwa chini, mstari mwembamba kama ufa wa yai. Wiki tatu baadaye mlango ukagoma kufunga. Nikaufungua skrubu, nikaugeuza, nikaukwaruza kwa ukucha. Unga laini wa rangi ya kahawa ukamwagika sakafuni. Hiyo ndiyo MDF, bodi ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa na gundi, niliyolipia shilingi 186,000 pamoja na ufundi, kwa jiko dogo la hapa Malindi lenye milango kumi na mmoja. Waliotengeneza nikawapigia simu, wakaniambia nimetumia maji mengi. Jikoni!

Nilipoeleza kisa hiki, wasomaji wakaniandikia vyao, na karibu wote wanalia na kitu kimoja: uso wa kabati bado unang'aa, chini na pembeni kumeoza. Kwa hiyo rangi, vishikio na mtindo wa milango sitavigusa. Hivyo kila mtu anavitazama dukani. Nataka tutazame ukingo uliokatwa.

Bodi yoyote, iwe MDF, chipbodi ya chenga za mbao, blokbodi ya vipande vya mbao au plaiwudi ya tabaka, hunywa maji pale msumeno ulipopita. Uso umefunikwa, lakini ukingo uko wazi. Na jiko limejaa kingo ambazo huzioni: tundu la sinki, tundu la bomba, chini ya mlango, miguu ya kabati inayogusa sakafu unapopiga deki, hata kile kishimo cha milimita 35 anachotoboa fundi ili bawaba ikae. Hapo pote mbao iko uchi, na hewa yetu ya chumvi haipumziki, kaskazi wala kusi. Fundi wa majahazi kule Matondoni, Lamu, haachi ubao ukiwa wazi. Ataziba viungo kwa kalafati na kupaka sifa, yale mafuta ya papa, na chombo kinakaa baharini miaka. Seremala wa jikoni anakuachia tundu la bomba lililochanika, analificha nyuma ya sinki, anaomba salio lake.

Kabla ya kununua tena nilifanya jaribio. Nilikusanya vipande vya urefu wa kidole kutoka maduka manne, nikaviandika kwa kalamu ya risasi, nikavichemsha kwenye sufuria kuukuu kwa saa nne. Chipbodi ilikuwa uji kabla ya nusu saa. MDF ya milimita 18 nikaipima kwa rula, ikasoma 25. Kipande cheusi nilichouziwa kama "marini", yaani plaiwudi ya kustahimili maji, kilifunguka kurasa kurasa kama msahafu ulionyeshewa, nikaona uchungu, maana kwa hicho nilikuwa nimekubali bei ya juu. Plaiwudi ya RaiPly, ile ya kiwanda cha Eldoret, ilitoka na tabaka zake zote zimeshikana. Nikaikausha juani siku mbili, nikajaribu kuipasua kwa kisu, ikakataa. Tangu siku hiyo mimi ni mtu wa RaiPly na sifichi. Ukiniuliza bodi gani, jibu langu ni hilo.

Na hili neno "marini" linatuumiza. Marini ni gundi na moyo wa bodi. Kipimo cha Uingereza kinachojulikana, BS 1088, kinataka gundi isiyoachia kwa maji ya moto na tabaka za ndani zisizo na mapengo. Lakini madukani kila plaiwudi yenye ngozi nyeusi au nyekundu, ile ya kumwagia zege, inaitwa marini. Inama utazame ukingo wake. Mistari ya gundi iliyokoza rangi ni dalili nzuri. Ukiona matundu yanayopitisha kijiti cha kiberiti, mrudishie mwenyewe. Na usinunue wakati wa masika bodi iliyoegemezwa nje ya duka, imeshakunywa tayari.

Sasa tupange njia za kupata makabati, kutoka ninayoipendekeza hadi nisiyoitaka.

Ya kwanza ni kugawana kazi na fundi, na ndivyo nilivyofanya mara ya pili. Bodi unanunua mwenyewe, zinakatwa kwa mashine palepale dukani au kwa seremala mwenye mashine, kingo unaziba wewe, kisha fundi anakuja kufunga tu. Hesabu yangu ni hii: plaiwudi sita kwa 6,200 kila moja, 37,200, fomaika tatu za kufunika uso, 8,400, kukata, 2,400, bawaba 22 kwa 350, 7,700, vanishi, gundi, skrubu na silikoni, 5,400, fundi na msaidizi wake siku nne, 14,000, tuktuk, 1,200. Jumla 76,300. Meza ya zege sikuigusa. Kuziba kingo kulinichukua jioni tatu: msasa, mkono wa kwanza wa vanishi uliochanganywa na tina ili uzame ndani, kisha mikono miwili mizito. Vishimo vya bawaba nilivipaka kwa brashi ya watoto ya kuchorea. Fundi wangu, mtu mzima mwenye adabu zake, alinitazama akaniambia, "Mama, hii kazi silipwi, ndiyo maana siifanyi." Nilimshukuru kwa ukweli wake. Hakuna anayelipwa kuziba pale pasipoonekana, basi ziba wewe mwenye nyumba.

Ya pili ni kumpa fundi wa mtaani kazi yote. Ni sawa kama una muda wa kukaa naye. Arbuni isizidi theluthi, bodi aonyeshe kabla hajakata, na makabati yasimame juu ya miguu ya plastiki au kitako cha zege, yasiguse sakafu. Salio alipwe baada ya wewe kulala chini na tochi na kutazama chini ya sinki.

Ya tatu ni kubadilisha milango peke yake kwa mkono wako mwenyewe, ikiwa maboksi bado mazima. Unahitaji drili, kekee ya milimita 35 na subira. Usitoboe zaidi ya milimita 13, bodi ya 18 haina nyama nyingi. Kutengeneza maboksi mazima peke yako sikushauri: ukuta wa matumbawe wa nyumba za kale haukunyooka, na kusawazisha ni kazi ya jicho lililozoea.

Ya nne, kampuni kutoka Mombasa. Kazi safi sana, lakini bawaba ikilegea atarudi nani kilomita 120?

Makabati ya chipbodi yaliyo tayari ni ya chumbani, yasiingie jikoni.

Kuhusu bei nina donge. Februari 2018 serikali ilipofunga ukataji miti kwenye misitu yake, tuliambiwa mbao zimepanda na tukaelewa. Mwaka 2023 ilipotangazwa kwamba marufuku imeondolewa, nilirudi duka lilelile na bei haikusogea hata senti. Hapa Malindi kuna jingine, bei ya Mtaliano. Ukitaja tu kwamba nyumba iko upande wa Casuarina, kwenye nyumba za Wataliano, bodi inaongezeka mia tano. Taja Maweni, au mtume kijana.

Kwenu wa Lamu, kata bodi zote kabla hazijapanda mashua kwenye gati la Mokowe. Bodi nzima ya futi nane kwa nne haikunji kona za vichochoro vya Mkomani, na hamali ataiburuza kwa ukingo. Paka mkono wa kwanza wa vanishi huku bara, funika kwa turubai, na usikubali zilazwe chini chomboni, maji ya ngama yanaanzia hapo.